Ngiri ya Fundi Seremala

Fundi seremala alikuwa na ngiri tangu kitindamimba wao yuko tumboni. Ilianza kama kiuvimbe kinenani, akilala kinarudi ndani. Miaka ilivyokwenda kikakataa kurudi, kikashuka kwenye korodani, hata mkewe akawa anapanua mapaja ya kila suruali aliyonunua. Mkewe akimtajia hospitali, jibu lilikuwa lile lile: akimaliza kabati la mteja huyu, atakwenda. Makabati hayakwisha.

Mkewe ndiye aliyeona kwamba mambo yamechacha. Mume alikuwa anaingia msalani, anakojoa, anatoka, na kabla hajashika randa anarudi tena. Siku moja alimkuta ameegemea ukuta, ameuminya uvimbe kwa mikono miwili ndipo mkojo utoke. Alipouliza kulikoni, aliambiwa afunge mlango.

Zahanati alikwenda, tena si mara moja. Alisema mkojo unamchoma, akapewa vidonge, akarudi navyo akitamba. Kwamba ana uvimbe kama papai chini ya mkanda hakusema, na suruali hakuvua. Mkewe alipolijua hilo damu ilimchemka.

Ilipofika hatua anatapika, uso umevimba, mkojo ni matone tu, mkewe hakumbembeleza tena. Aliita gari, akaingia naye hadi kwa daktari. Fundi alipoanza ile hadithi yake ya kuchomwa, mkewe alimkata kauli.

"Daktari, mwambie avue suruali. Yeye hatasema."

Picha ilionyesha kibofu kimevutwa chini, kimeingia ndani ya ngiri. Mkojo ulikosa njia, ukawa unarudi nyuma, na figo zote mbili zilikuwa zimevimba. Daktari alimuuliza kwa upole kwa nini alikaa kimya muda wote huo.

"Niliogopa kisu," fundi alisema, macho darini. "Watu walisema ukipasuliwa pale, uanaume kwaheri."

"Watu gani?" mkewe aliuliza. "Wale wa kijiweni?"

Madaktari walimwekea mpira wa mkojo, wakasubiri damu isafike sumu iliyoshindwa kutolewa na figo, ndipo wakampasua na kukirudisha kibofu mahali pake. Figo ya kulia ilipata nafuu. Ya kushoto, daktari alisema, wasiitegemee tena, na kliniki sasa ni ya maisha.

Kaka zake fundi walipokuja kumwona, walimkuta amekaa kitako anasimulia: alihisi mwenyewe mwili hauko sawa, akaona isiwe taabu, akajipeleka hospitali mapema. Wakampongeza kwa busara zake. Mkewe alikuwa ameinama kando ya kitanda anamwaga mkojo wa kwenye mfuko, na kila neno lilimfikia. Alijaribu kucheka, kicheko kikakataa. Akafunga mfuko, akanawa mikono, akaenda kukaa peke yake kwenye benchi la nje. Angebaki mle ndani angesema ukweli wote, na mgonjwa bado alikuwa na nyuzi za upasuaji.