Ushahidi wa Mkungu Yusto

Kitu cha kwanza Vero alichogundua ni kwamba benchi lilikuwa na joto. Ilikuwa Jumanne asubuhi, anafuta vumbi ofisi ya kijiji kabla wazee wa baraza la ardhi hawajafika, na mwisho wa benchi, upande wa dirishani, palikuwa kama mtu ameinuka sasa hivi. Akapafuta kama alivyofuta kwingine.

Jumanne ya tatu alimkuta mwenyewe amekaa. Mkungu Yusto, msimamizi wa kijiji kwa niaba ya chifu, alitawala sehemu hii ya Nyakasimbi tangu enzi za Waingereza mpaka baada ya Uhuru, machifu walipofutwa. Alikuwa na miaka arobaini na minne kaburini. Viatu vyake vilijaa udongo mweusi wa migombani, mbichi. Vero akamwamkia, akamwekea kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, akazoa ule udongo akautupa nje.

Wazee walipofika walimwamkia mmoja mmoja. Theoneste, mjumbe wa baraza, alikuwa mjukuu wake.

"Shikamoo babu. Huko hamjambo?"

"Marahaba. Kuna unyevu."

Mwenyekiti, mzee Cleophace, akafungua daftari. Kesi ilikuwa moja: kibanja, shamba la migomba la marehemu Anatolia, bibi yake Vero, ambalo sasa analilima Theoneste. Mlalamikaji alikuwa Deodatha, mama yake Vero. Hakudai ndizi wala kahawa. Alikuwa mgonjwa wa kitandani, naye alitaka azikwe humo, kando ya mama yake.

Mkungu akasimama.

"Serikali mpya iliniambia niandike kila kibanja na mwenyewe, kisha nikabidhi daftari niondoke. Anatolia alikuwa mjane. Nikaandika jina la mwanangu, baba yake huyu Theoneste. Nilijua wageni wa serikali hawatauliza. Hata mimi nimezikwa humo, na si kwangu. Ni kwa Anatolia."

Cleophace aliandika yote.

"Namba ya kitambulisho cha NIDA, mzee?"

"Sina."

"Kadi ya mpiga kura?"

"Nilikufa mapema."

"Basi hapa pa shahidi sina cha kujaza."

"Babu," Theoneste akasema, anatafuna kahawa, "ungesema ulipokuwa na kiti. Sasa unatuchelewesha tu."

Wazee wakacheka kidogo, na Mkungu naye. Kesi ikaahirishwa.

Ikawa hivyo masika yote. Mkungu anakiri, Cleophace anaandika, wanaahirisha. Vero, aliyeishia darasa la tano na ambaye sauti yake hugoma mbele ya wakubwa, alisimama mlangoni na ufagio.

Nyumbani mama aliuliza, "Wamesemaje?"

"Wameahirisha."

Ulikuwa ukweli, na hakuongeza neno. Alimjua mama yake: angesikia mengine angejikokota mpaka ofisini, naye hata mlangoni hafiki.

Deodatha alifariki mwezi wa sita. Walimzika makaburi ya kanisa, safu ya tatu, katikati ya watu asiowajua. Theoneste alichangia ndizi za msiba kutoka kibanja kilekile. Zilikuwa nzuri, zikaliwa zote.

Jumanne iliyofuata Mkungu alikuja akakiri, na wazee wakaahirisha. Vero akazoa udongo wa viatu vyake. Safari hii hakuutupa. Aliubeba kwenye beseni mpaka kanisani, akaumwaga juu ya kaburi, akausawazisha kwa kiganja.

"Mama," akasema, kwa sauti, "Mkungu alisema ni kwetu. Alisema mbele ya wote, kila wiki. Mimi ndiye sikukwambia."