Mwimbishaji wa Arusi ya Rufaida

Lubna alikuwa amekula yamini: Shangazi Shekha hataimbisha arusi ya mdogo wake Rufaida, wallahi. Mama yao alipokuwa mahututi, Shekha hakukanyaga kwao hata siku moja, akazunguka Malindi nzima akimnenea maneno machafu. Leo ndiye aje awaongoze wanawake wamtoe Rufaida ndani? Thubutu!

Lubna ni mwalimu wa Kiingereza, na ulimi anao. Juzi tu alikuwa akiwaeleza wanafunzi wake: "Lead off ni kuanza wewe, wengine wakafuata. Iwe ngoma, iwe mazungumzo." Alipotoka darasani alikuwa keshakata shauri kwamba kwenye arusi ataanza yeye.

Basi wanawake walipojaa uani, pembe za vugo, ngoma ya wanawake ya arusini, na vijiti mikononi, Shekha hajasafisha hata koo, Lubna akachomoka akasimama katikati.

"Leo naanza mie!"

Shekha akamtazama juu mpaka chini. "Wewe? Vugo si ubao na chaki, mwanangu. Keti."

"Siketi! Na wewe, shangazi, nani kakualika hapa?"

"Nimeitwa na mwenye arusi yake."

"Muongo mkubwa!"

Lubna akautoa wimbo. Sauti anayo, hilo tusimnyime. Ubeti wa kwanza ukatoka safi, akanyamaza apokewe. Kimya. Na desturi ya vugo hata mtoto anaijua: pembe haigongwi mpaka wimbo uitikiwe. Akarudia, kwa nguvu zaidi. Mama mmoja akawa anatazama kucha zake, mwingine akajitia kukohoa. Jasho likamtiririka Lubna, akawachukia wote waliokuwa pale, mmoja mmoja.

"Umemaliza?" Shekha akauliza.

Wala hakuinuka mkekani. Alianza taratibu, na ua mzima ukampokea, pembe zikalia mpaka mabati yakatetemeka.

"Nyamazeni! Huyu alimtukana mama yangu!" Lubna akapiga ukelele. Nani amsikilize? Akakimbilia chumba cha ndani, amshike mdogo wake mkono, watoke zao, arusi na ivunjike.

Mkono ulikuwa tayari kwenye kitasa aliposikia. Mle ndani, ambamo bibi arusi hatakiwi kutoa hata neno moja, Rufaida alikuwa akimwitikia Shekha.