Kabla Spana Haijageuka

...wala oili haikuwa nyeusi kama alivyoogopa, ilikuwa kahawia, rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni tangu jana, fundi Barjas alikuwa ameipaka kwenye karatasi nyeupe akaitandaza juu ya boneti kama mtu anayemwonyesha jirani kidonda, "Inuse, Hajja," akasema, naye Nuzha akainama akanusa, harufu ya mkate ulioungua, na sasa Barjas ameshashuka shimoni chini ya gari, kinachoonekana ni kofia yake ya sufu na mkono mmoja, spana imeishika nati ya kumwagia oili lakini haigeuki, haigeuki kwa sababu anangoja neno kutoka kwake, neno jepesi tu ambalo watoto wanaambiana wakikanyagana miguu, na neno hilo limemkwama Nuzha kama tonge kavu. "Nirudie, Hajja?" sauti inatoka chini, tulivu, haina haraka, "gari hili lina kilometa laki nne na elfu kumi na mbili, na oili ya giaboksi haijaguswa tangu litoke kiwandani. Sahani za mle ndani zimelika. Uchafu wa oili ya zamani ndio unaozisaidia kushikana. Nikitia oili mpya, pengine litashukuru, litakwenda miaka. Pengine kesho asubuhi litakataa kwenda mbele na nyuma. Nikiacha hivi, litaendelea kujichoma, siku moja likuache katikati ya mlima. Sijui ipi kati ya hizo. Mtu akikwambia anajua, huyo mwogope." Na Nuzha akasema, "Sasa mimi nikwambie nini, fundi, mimi najua gari?" na Barjas akasema, "Sikuulizi habari za gari. Niambie umenisamehe. Magari yaliyozeeka hivi siyafungui mpaka mwenyewe anisamehe kabisa, dunia na akhera, kabla sijageuza spana. Sitaki Siku ya Kiyama mtu anishike kola kwa ajili ya giaboksi," akacheka mwenyewe mle shimoni, na Naif, shemeji yake Nuzha, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa, akacheka pia, "Ana mafaili mengi huko huyu, shemeji, usimwongezee," lakini Nuzha hakucheka, alikuwa akitazama spana... kabla, amesema kabla, kwa nini kabla, mtu huomba msamaha akishavunja, mwanamke akivunja sahani ya mkwewe ndipo anasema nisamehe mama, hasemi kwanza kisha akaivunja, na mbona daktari hakusema hivyo, daktari alileta karatasi, karatasi na kalamu ya buluu yenye kifuniko kilichotafunwa, weka saini hapa, mama, na hapa, na yeye akaweka, Nuzha binti Sulaiman, herufi zake kubwa za darasa la sita, akaweka saini mume wake apasuliwe moyo, na Dhiyab akaingia kwa magurudumu akatoka kwa magurudumu, amefunikwa uso... astaghfirullah, ni kadari, anajua ni kadari, amesema ni kadari kwa kila mwanamke aliyekuja kumpa pole na sahani ya wali, miezi minne na siku kumi ya eda amekaa ndani akisema Mungu ametoa na Mungu ametwaa, na kila usiku ukifika mkono wake wa kulia unaona haya kulala karibu naye. Na gari nalo lilikaa nje chini ya mzabibu siku hizohizo, halikutoka, majani yakaliangukia, paka akazaa chini yake, Barjas alipoliona leo asubuhi alisema, "Masikini, nalo limekaa eda. Sasa limetoka, tulioshe, tulibadilishe nguo," na hapo Nuzha alicheka kweli, mara ya kwanza, akajiziba mdomo kwa mtandio, kwa sababu ni maneno ambayo Dhiyab angeyasema, Dhiyab alikuwa akiliita gari hili mtoto wetu, hawakujaaliwa mtoto, naye akiulizwa na watu wasio na adabu, hamjapata tu, bwana shamba, alikuwa akijibu, "Tunaye mmoja, anakunywa petroli," na watu wakaona haya wao, si yeye. Miaka ishirini na mmoja ameliendesha, bwana shamba wa serikali, kila shamba la mizeituni kutoka Irbid mpaka Jerash linayajua magurudumu haya, akirudi viti vimejaa majani na vumbi na makombo ya mkate wa viungo vya zaatari, naye Nuzha akigomba, na Dhiyab akisema usipanguse sana, kiti kitapata baridi... na alikuwa akizima redio wakipanda mlima wa Ajloun ili gari lisikengeushwe, mtu mzima, mwenye mvi, anazima redio, anapiga dashibodi polepole kwa kiganja, haya baba, haya, tumefika, na lilipoanza kuchelewa kushika gia mwaka juzi, likisita kidogo kama mzee anayetafuta viatu, Nuzha alimwambia lipeleke kwa fundi, akasema aliyeniuzia aliniambia oili ile ni ya maisha. "Ya maisha ya nani?" Barjas aliuliza leo alipohadithiwa, "ya gari au ya mwenye gari?" kisha akakumbuka anazungumza na nani, akainamisha kichwa, "Mungu amrehemu, Hajja, ulimi huu." Amrehemu. Usichokoze mashine inayokwenda, hayo ndiyo yalikuwa maneno ya Dhiyab, aliyasema juu ya gari, na aliyasema juu ya moyo wake, yaleyale, amekaa ukingoni mwa kitanda cha hospitali miguu inaning'inia, daktari amesema mshipa umeziba, tukiupasua pengine miaka kumi, tusipoupasua pengine miaka miwili, pengine siku mbili, hatujui, na Dhiyab akasema inakwenda hii, inasita tu kidogo, tusiichokoze, na ni yeye Nuzha, yeye, aliyesema hapana, nenda, Dhiyab, nataka miaka kumi... nataka miaka kumi, kama mtu anayechagua kitambaa dukani. "Shemeji," Naif anasema pale mlangoni, "mimi nimeshakwambia, liuze, kuna mtu wa vipuri yuko tayari kulichukua hivihivi lilivyo, milango yake mizima, viti vizima," na Nuzha anajibu bila kugeuka, "Na mama yako nani atampelekea mkate, mtu wa vipuri?" na Naif anakunywa kahawa, kwa sababu anajua, mama mkwe yuko peke yake kule juu Kufranja, hataki kushuka, hataki kuishi ghorofani kama njiwa, basi la abiria halifiki mlangoni kwake na Naif ana kazi na ana watoto na ana mgongo, kila Alhamisi alikuwa Dhiyab, sasa kila Alhamisi itakuwa Nuzha, wiki iliyopita tu amekwenda mara ya kwanza tangu eda iishe, gari linasita kila kona, linanguruma haliendi, kisha linashtuka linakwenda, na bibi kizee alilisikia kutoka mbali, akatoka mpaka barazani na fimbo yake, uso umefunguka wote, amedhani... halafu akamwona ni Nuzha aliyeshika usukani, na uso haukufungika, hilo ndilo Nuzha halisahau, ulitetemeka kidogo lakini haukufungika, akasema karibu binti yangu, umekuja na sauti yake. Umekuja na sauti yake. Sasa kama oili mpya itaiua sauti hiyo, na kama ya zamani itaichoma, na yeye ndiye wa kusema, tena yeye, kwa nini kila mara yeye, ameswali istikhara ya kuomba mwongozo siku mbili na hakuota chochote, ameamka tu na kiu... "Hajja, mkono unachoka," Barjas anasema, si kwa kukemea, "kama hutaki, natoka, tunakunywa chai, unarudi nalo nyumbani, hakuna ugomvi," na Nuzha anasema, "Subiri, fundi, kidogo tu," na Barjas anasema, "Nasubiri, mama, shimo hili lina kivuli kizuri." Mtu mwema. Hajui, kama daktari alivyokuwa hajui, tofauti ni kwamba huyu hakuleta karatasi... lakini daktari naye alikuwa na macho mekundu, alipotoka, alikuwa ameikunja kofia yake ya kijani mkononi kama mtoto aliyepoteza pesa za dukani, akasimama tu, na Nuzha hakumwambia kitu, hakumlaani, hakumsamehe, hakukumbuka kwamba yule naye alikuwa na mkono... na kabla ya hapo, kabla ya kofia, ni nini, siku zote anafika kwenye saini kisha anaruka mpaka kwenye kofia, katikati kuna nini, katikati kuna ujia, kitanda kinasukumwa, gurudumu moja linalia, Dhiyab amelala chali, bila miwani anaonekana kijana na mjinga, amemshika kidole kimoja, anamwambia asubuhi ya baridi usilikanyagie mafuta, Nuzha, liache liamke lenyewe, na hayo ndiyo amekuwa akiyaweka moyoni kama mwiba, kwamba maneno ya mwisho ya mume wake yalikuwa ya gari, amewaficha hata dada zake, wenzake wanaachiwa wosia, yeye kaachiwa habari za petroli... lakini hayakuwa ya mwisho. Hayakuwa ya mwisho, palikuwa na jambo baada yake, mlangoni, nesi alishasema mama ishia hapa, na Dhiyab akasema, "Nisamehe, Nuzha," na yeye akasema, "Nimekusamehe, nisamehe na wewe," na Dhiyab akasema, "Zamani, nimeshakusamehe," na mlango ukafungwa... na kwa nini hakulihesabu hilo, kwa nini miezi yote hii hakulihesabu, kwa sababu walikuwa wakisema hivyo kila siku, ndiyo, kila siku, wakiingia garini tu kwenda popote, Makka au kununua nyanya, mkanda, bismillahi, nisamehe, nimekusamehe, nisamehe na wewe, zamani, washa twende, miaka ishirini na mmoja, mpaka yalikuwa kama sauti ya mlango wa gari kufungwa, nani anahesabu sauti ya mlango, hata siku Dhiyab alipomfundisha kuendesha, Nuzha ana miaka hamsini na miwili, kwenye kiwanja kitupu nyuma ya ghala la ngano, Dhiyab alisema nisamehe, akasema zamani, kisha akashika mpini wa mlango kwa mikono miwili akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti, Nuzha akauliza, "Unanisomea mimi au unalisomea gari?" naye bila kufumbua macho, "Nausomea ukuta." Nausomea ukuta! Na anacheka sasa, Nuzha, hapa kwenye ukingo wa shimo, machozi yanamtoka, Naif anamtazama, "Una nini, shemeji?" na yeye anatikisa mkono, hakuna, hakuna, kwa sababu anaona sasa, polepole, kama anavyoona kila kitu polepole, hakusoma sana, mambo humjia kwa miguu... alikuwa amesema zamani. Karatasi ile imeshatiwa saini, wino umeshakauka, Dhiyab anajua vyema ni mkono wa nani, na akasema zamani, hakungoja kuona atatoka vipi ndipo aseme, na kama angengoja angesema lini. Ndiyo maana ni kabla. Huyu fundi aliye shimoni haogopi Kiyama chochote, au anaogopa kama watu wote, anajua tu kwamba baadaye watu hawajui waseme nini, wanabaki na kofia mkononi. Na yeye, akisema sasa, lisipokwenda kesho, atapanda teksi mpaka Kufranja na mkate mapajani, ataingia bila sauti ile, bibi atalia, watalia wote wawili, watakula. "Nimekusamehe," anasema Nuzha, "dunia na akhera, fundi, liende lisiende," lakini kompresa ya jirani anayejaza magurudumu upepo imewaka palepale, karakana yote inatetemeka, Barjas amenyanyua uso wake uliojaa masizi, ameweka kiganja nyuma ya sikio, mkono wa pili haujaiachia spana na spana haijasogea, "Umesema nini, Hajja?" anapaza sauti, na Nuzha anashika ukingo wa boneti, anainama juu ya shimo karibu awezavyo, mkono wake wa kulia umetulia juu ya bati lenye joto, na anavuta pumzi alirudie, na anashangaa neno limekuwa jepesi, anaweza kulirudia mpaka asikike, anaweza kulirudia kwa huyu na kwa yule mwenye kofia ya kijani popote alipo leo...