Herufi Mbili Juu ya Mlango

Nimefundisha Kiswahili shule za msingi miaka thelathini na sita, na kitu kilichonipandisha presha muda wote huo ni L na R. Mtoto anaandika "nimerara", mwingine kwao mlangoni pameandikwa "kalibu", halafu mzazi anakuja kuutetea uchafu huo eti ndiyo lafudhi ya kwetu. Lafudhi ikae mdomoni, nilikuwa nawaambia. Siombi radhi kwa hilo. Ila kuna kosa langu moja ambalo sina budi kulieleza lilivyo.

Nyumba yetu iko Nyamagana, nyuma ya soko. Baba yangu, mzee Salehe, aliijenga mwaka 1972, mwaka aliomwoa Mwanaheri baada ya mama yetu kufariki. Kiwanjani palikuwa na jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Fundi Msukuma aliyeitwa Shimba akalichomea kuni siku tatu, akalimwagia maji likapasuka, na vipande vyake ndio msingi wote na kuta hadi usawa wa madirisha. Juu ya mlango, lipu ikiwa bado mbichi, akachora maneno kwa ncha ya mwiko. Baba alisoma madrasa tu; herufi za Kiarabu alizisoma vizuri, hizi nyingine alikuwa anaziangalia tu. Alimtajia Shimba maneno kwa mdomo, Shimba akachora.

Baba alifariki mwaka jana. Eda ya mama Mwanaheri ilipokwisha, dada yangu Yasmin akaleta mnunuzi anayetaka kubomoa ajenge ghorofa la fremu za maduka. Mama akasema kwa sauti ndogo kwamba nyumba hiyo ilikuwa mahari yake. Kwa sisi Waislamu mahari ni mali ya mke mwenyewe, wazazi wake hawahusiki, kwa hiyo kama ni kweli, nyumba haigawanywi, na sisi watoto wa Salehe hatuna chetu humo. Lakini mashahidi wa ndoa walishakufa wote, na cheti hakionekani.

Yasmin akanyoosha kidole juu ya mlango. "Baba siku zote alisema mambo ya nyumba hii yameandikwa ukutani. Haya, someni."

Tukasoma: MAHALI PA MWANAHERI 1972.

"Mahali pake pa kukaa," Yasmin akasema. "Basi atakaa kwangu Igoma. Kuna ubaya gani?"

Shehe aliyekuwa anatusuluhisha akatupa wiki moja, mwenye ushahidi mwingine aulete.

Mimi nilikuwa upande wa Yasmin, nisifiche. Tangu nistaafu nina daftari ninaloandikia nyumba za zamani za mji huu: nani alijenga, mwaka gani, mawe yalitoka mlima upi. Nikasema wiki hiyo nizungukie kazi nyingine za Shimba. Nikionyesha kwamba alichora jina la mwenyeji juu ya kila mlango, neno letu litakuwa ni kibao tu kama vibao vingine, na mama atakosa la kusema.

Nyumba ya kwanza, mtaa wa pili kutoka kwetu, ilikuwa na mawe yaleyale na maneno: DUKA LA LAJABU. Nikacheka peke yangu barabarani. Ya pili, NYUMBA YA MALIAMU 1969. Ya tatu, KALIBUNI. Hapo hasira zilianza kunipanda, maana mtu huyu ameuchafua mji mzima na hakuna aliyempa daftari akaandika mara mia. Nikapanda bajaji hadi Igoma kwa mwanawe Josephat, ambaye ana karakana ya kuchomelea mageti.

"Mzee hakuwa na R, mwalimu," Josephat akaniambia huku akicheka. "Mdomoni hakuwa nayo, mkononi hakuwa nayo. Dada yetu Maria mpaka leo tunamwita Malia."

"Hata moja?"

"Tafuta mji mzima. Ukikuta R kwenye lipu ya mzee, ujue kaiweka mtu mwingine."

Nikaomba kiti. Huyo mtu mwingine nilimjua.

Mwaka 1984 nilirudi likizo kutoka chuo cha ualimu. Nilikuwa na miaka ishirini, ujuaji umenijaa hadi kooni. Juu ya mlango wetu wakati ule palisomeka MAHALI YA MWANAHELI, na wenzangu wa chuo walionitembelea walicheka hadi wakakaa chini. Nikapanda kwenye stuli na patasi, nikakwangua L ya jina nikaweka R kwa saruji mpya. Nikiwa juu nikaona "mahali ya", upatanisho mbovu, nikakwangua Y nikaweka P. Neno la kwanza sikuligusa kwa sababu halikuwa na kosa. Nikapaka rangi, nikashuka, nikajisifu.

Sasa kwenye kiti cha Josephat nililisoma upya. Shimba asiye na R alitajiwa mahari. Mahari ya Mwanaheri. "Ya" ilikuwa sahihi kabisa, na mwalimu mtarajiwa ndiye aliyeifuta. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona darasani.

Siku ya kikao nilipanda stuli mbele ya wote, nikabandua rangi. Viraka viwili vya saruji vikaonekana, vyeupe kuliko lipu ya zamani. Nikaeleza yote, nikaonyesha picha za nyumba zile tatu.

"Kaka, umesubiri hadi leo ndiyo ukumbuke?" Yasmin akasema. "Umepewa nini?"

"Sijapewa kitu. Nilisahau kwa sababu niliona nimefanya vizuri."

Shehe akavipapasa viraka kwa kidole, akasema kwake imetosha, nyumba ni ya mama. Yasmin akachukua pochi yake akatoka bila kuaga.

Mama alikuwa bado kwenye mkeka. Nikapiga magoti mbele yake nimwombe radhi, lakini akaniwahi.

"Siku ile nilikuona," akasema. "Nilikuwa natoka sokoni, nikasimama pale kwenye kona. Ulikuwa juu ya stuli unakwangua."

"Mbona hukunikataza, mama?"

"Nilidhani baba yako amekutuma." Akalikunja pindo la khanga, akalikunjua. "Nikajua ameghairi, amechukua alichonipa. Nikaona haya kumuuliza. Miaka arobaini, Nurudin, nimempikia, nimemuuguza, nimemwosha, na moyoni sijamsamehe. Amekufa hajui kosa lake."