Kijani Kwenye Tangi la Oketch

Kila Jumapili baada ya kanisa, Oketch alikunja mikono ya shati akasugua vioo vya tangi la samaki lililokuwa sebuleni kwake Milimani, na kufikia Jumatano kijani cha mwani kilikuwa kimerudi kana kwamba hakuna mtu aliyegusa. Kiliyafunika majani aliyoyapanda mwenyewe, kama blanketi lililolowa, nayo yakawa yanaoza. Mle ndani alibaki fulu mmoja tu, kisamaki chenye madoa mekundu, wa aina iliyokuwa imejaa ziwani kabla mbuta, samaki mkubwa mla wenzake, hajaletwa akawala.

"Baba Amolo, weka maji ya mfereji," mkewe, Selpha, alimwambia tena.

"Huyu ni wa ziwa. Maji ya mfereji ni dawa tupu, yatamuua," alijibu kwa hasira, akabeba mtungi kwenda kuteka ziwani, kama alivyofanya kila mara.

Siku hiyo aliinama ufuoni mwa ziwa, pale Dunga, akayaona maji yalivyokuwa mazito, kijani kile kile, yakinuka vile vile kama tangi lake. Ndipo alipojua ni nani aliyekuwa akiibeba ile laana hadi nyumbani.

Alirudi na mtungi mtupu, akamtoa fulu kwa bakuli. Mfereji ungemuua. Ziwa lilikuwa linaoza, na mbuta walikuwa humo. Alikaa na bakuli mapajani, asijue amwachilie wapi, hadi Selpha alipokuja akalichukua taratibu. Fulu alikuwa ameshakufa, akielea kiubavu.