Mstari Mmoja Juu ya Mvuke

Vitalis Mbawala hakuwa na meno mawili ya mbele. Hakuwa na cheti chochote alichokipata mchana, kwa sababu kusoma alijifunza jioni, akiwa mtu mzima mwenye ndevu, katika darasa la watu wazima kule Ilala. Hakuwa na kifutio. Tangu siku ya kwanza darasani hakuwahi kumiliki kifutio. Hakuwa na mke tena. Na tangu Jumatatu hakuwa na sauti ya mkewe.

Hilo la mwisho ndilo lililomkalisha mbele ya kibanda chake cha kutengeneza mizani, Kariakoo, mikono imelala magotini, huku mizani ya muuza dagaa ikimsubiri na sahani yake moja imeinama.

Sauti ya Evarista ilikuwa mtandaoni. Miaka ile ya korona, Vitalis alikuwa na kawaida ya kusimama mbele ya ubao wa ofisi ya mtaa na kuwasomea matangazo watu wasiojua kusoma, na hata wanaojua, maana sauti yake ilikuwa nzito na haina haraka. Moza, mwanamke wa makamo anayeuza simu Mtaa wa Aggrey, akamfungulia ukurasa akauita Vitalis Anasoma. Siku moja ubaoni likabandikwa tangazo kwamba mvuke wa ndimu, tangawizi na majani ya mkaratusi unaponya. Vitalis akalisoma lote, na muhuri wake akautaja. Kisha akarekodi nyumbani, Magomeni: sufuria inafuka, Evarista kajifunika blanketi gubigubi, na kutoka humo ndani sauti yake ikasema, "Vitalis, huku ndani kunanyesha ndimu!" Akacheka. Kicheko kikaishia kwenye kikohozi kidogo, kisha akacheka tena.

Siku kumi na sita baadaye wakamzika.

Halafu tangazo likabadilika. Likaja la barakoa, likaja la chanjo. Vitalis akachanja, akayasoma hayo nayo. Ile video ya mvuke hakuiondoa. Mwalimu wake wa jioni, marehemu Polycarp, alikuwa akiwakataza kufuta. "Ukikosea," alikuwa akisema, "piga mstari mmoja tu, kosa lisomeke, andika sahihi pembeni. Anayefuta anamdanganya atakayesoma kesho." Basi Vitalis akamwomba Moza apitishe mstari mwekundu juu ya video, aandike chini yake: Nilikosea. Mvuke hautibu ugonjwa huu. Sikiliza tangazo jipya. Na Evarista akabaki pale chini ya mstari, akicheka. Kila siku baada ya chakula cha mchana mumewe alikuwa akimsikiliza. Simu iliyorekodi iliibwa zamani; nakala nyingine haikuwapo.

Jumatatu ukurasa haukufunguka.

"Soma tena," Vitalis alimwambia Moza.

"Nimeshasoma mara tatu, Mzee wangu. Wanasema ukurasa umeondolewa kwa kusambaza habari potofu za afya. Una siku saba za kukata rufaa, baada ya hapo kila kitu kinafutwa moja kwa moja."

"Na mstari?"

"Mashine haina habari na mstari. Inakusikia wewe unavyosema mvuke unaponya. Basi."

"Hawana mtu wa kuangalia?"

"Wapo, wako mbali huko. Wana watu wa dunia nzima wa kuwaangalia." Moza alimgeuzia kioo cha simu. "Fomu ndiyo hii. Kuna kiboksi kimoja tu: Ninathibitisha kwamba nilichochapisha ni sahihi. Ukikubali, wanaweza kuurudisha. Ukikataa, fomu inajifunga."

Saif, muuza tangawizi wa kibanda cha pili, alikuwa amesimama nyuma yao muda wote huo, kipande cha tangawizi kinazunguka mdomoni.

"Bonyeza, Mbawala! Mtu anasahihisha mizani ya soko zima, kidole kimoja kinamshinda?"

"Si sahihi, Saif."

"Nani kakuuliza? Wamekuuliza wao, mashine. Unaiogopa mashine?"

"Wewe uliuza tangawizi mwaka ule hadi ukapaka kibanda rangi."

"Niliuza! Na leo nauza. Mimi sikumwambia mtu inaponya, ni wewe uliyesoma." Saif alisikia maneno yake mwenyewe, akatema tangawizi. Akaongea polepole. "Nisamehe, kaka. Nataka kusema lile tangazo halikuwa lako. Lilikuwa la wakubwa. Nenda wakupe karatasi, ithibitishe kwamba ulisoma kilichoandikwa."

Ijumaa Vitalis akaenda ofisi ya mtaa. Ofisini alimkuta karani aitwaye Bryson, shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka barua, inayosema kwamba tangazo la mvuke lilitoka hapa."

"Tangazo hilo halikuwahi kutoka hapa, mzee."

"Nililisoma mimi, hapo ubaoni."

"Labda ulisoma la mahali pengine."

Vitalis aligeuka. Alitoka nje akausogelea ubao. Ofisi ile haikuwa na desturi ya kubandua. Karatasi mpya ilibandikwa juu ya ile ya zamani, miaka na miaka, hadi ubao ukanenepa kama chapati za jana zilizopangwa sahanini. Aliinua kona kwa ukucha. Chini ya tangazo la usafi palikuwa na chanjo. Chini ya chanjo, barakoa. Chini ya barakoa ilichungulia karatasi ya manjano yenye picha ya sufuria na mistari mitatu ya mvuke.

Kiganja cha Bryson kikatua juu ya ile kona na kuilaza.

"Usichane mali ya ofisi, mzee."

"Sichani. Nasoma."

Kijana alitazama kushoto na kulia. "Mama yangu naye alijifukiza," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa kazini tangazo hilo hatulitaji. Nenda salama, mzee."

Mvua ya muda mfupi ilikuwa imetoka kunyesha, na sasa jua likawaka ghafla. Lami ya Mtaa wa Swahili ilianza kufuka. Vitalis alitembea ndani ya ule mvuke, na kadiri alivyotembea kelele za soko zilififia, honi zikawa mbali, wapiga debe wakawa kama watu wanaoongea chumba cha pili. Ikanuka ndimu.

Pande zote mbili za barabara, mbele ya maduka ya vitenge na ya sufuria, aliona watu wamekaa chini wamejifunika mablanketi. Walikuwa wengi, hadi kona ya Msimbazi. Kila blanketi lilipanda na kushuka kwa pumzi, na chini ya kila blanketi ilisikika sauti moja, nzito, isiyo na haraka. Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa inasoma.

Blanketi la karibu lilikuwa la bluu, lenye pindo lililoungua kwa pasi. Alilijua.

"Evarista."

"Nipo. Umenipigia mstari."

"Mmoja tu. Unaonekana."

"Naona. Umenyooka, hongera." Akacheka, kicheko kikaishia palepale kilipoishia siku zote. "Ukibonyeza, nitarudi?"

"Sauti yako itarudi."

"Na hawa?"

Vitalis aliyatazama mablanketi. Hakuna hata moja lililofunuka. Walikuwa wanamwamini.

"Oyaa, mzee, pisha!" Mkokoteni wa maboksi ulimpita ubavuni. Lami ilikuwa imekauka, na kelele zote zikarudi mahali pake.

Kibandani alimkuta Moza amekaa na simu mkononi, fomu imefunguliwa. "Zimebaki siku mbili," Moza alisema.

"Ifunge. Wana anuani ya posta?"

"Barua?" Moza alicheka, kisha akaona hatanii. Alitafuta chini kabisa ya masharti, mahali ambapo hakuna mtu anayefika, akaipata, akaiandika kwenye kikaratasi. "Lakini Mzee Vitalis, itafika baada ya wiki. Watakuwa wameshafuta. Hutamsikia tena, unaelewa?"

"Naelewa."

Aliandikia juu ya meza ya mizani, kwa kalamu ya wino. Saif alimletea kikombe cha chai ya tangawizi bila kuombwa.

"Waheshimiwa," aliandika. "Mimi ni fundi mizani. Katika video yangu nilisema jambo ambalo si kweli, ingawa lilikuwa na muhuri. Watu walinisikiliza. Mke wangu alinisikiliza. Sitathibitisha kwamba ni sahihi, hata kwa kumpata yeye. Lakini nilipiga mstari, ili kila anayepita aone tulikosea nini, lini, na kwa maneno ya nani. Waliolitoa tangazo wamebandika jingine juu yake. Nyinyi mmefuta. Sasa hakuna mahali ambapo mtu anaweza kusoma kwamba tulikosea. Kama kuna mtu kwenu mwenye masikio, nawaomba mtenge kicheko kimoja, sekunde saba, mnitumie mimi peke yangu. Mengine yaacheni chini ya mstari. Nyinyi mmekosea."

Aliyasoma yote mara mbili. Akapitisha mstari mmoja juu ya maneno mawili ya mwisho, yakibaki yanasomeka, na pembeni akaandika: Sote tumekosea. Akatia sahihi.

Gundi ya bahasha ilikuwa kavu. Aliishikilia juu ya kikombe cha Saif, mvuke ukapanda ukailainisha, kazi ndogo ambayo mvuke unaiweza. Alikunja, akabonyeza kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe. Kisha alivaa koti, akapita Mnazi Mmoja kwa miguu hadi Posta, akamtazama karani anavyogonga muhuri juu ya stempu, na bahasha ikaingia gunia la ng'ambo.