Mng'ao wa Tufaha la Mama

Mama alikuwa mgonjwa kitandani, amekataa kila kitu. Uji hataki, mchuzi wa samaki hataki. Asubuhi ile akafumbua macho, akaniambia, "Asiya, mimi nataka tufaha. Nyekundu, kama ile baba yenu alikuwa naleta."

Marehemu baba alikuwa dereva wa lori. Kila akirudi nyumbani Koboko alimletea mkewe tufaha moja tu, sisi watoto tukabaki kumeza mate. Basi nikapanda gari hadi mjini Arua, nikalipata dukani, jekundu, linang'aa mpaka nikauona uso wangu. Nilirudi nacheka peke yangu.

Mlangoni nikamkuta kaka yangu Siraji, mjuzi wa kila kitu. Akalipitishia kidole.

"Hii iko na mafuta ya nguruwe," akasema. "Wazungu napaka ndio inang'aa. Unataka Mama aende kwa Mungu na haramu mdomoni?"

"Ni nta tu, kaka."

"Wewe najua? Osha kwanza!"

Nilitamani kumpiga nalo usoni. Lakini nyumbani kwetu neno haramu likishatajwa, chakula hakimezeki tena. Nikasema basi nilimenye. Akasema kisu nacho kitanajisika. Nikapasha maji, nikatia magadi na ndimu, nikasugua kwa kitambaa. Utando mweupe ukatoka. Siraji akanisimamia, bado, ongeza, bado, mpaka aliporidhika nilikuwa nimeshika kitu kimefifia kama kiazi.

Mama alilitazama kwa muda.

"Hapana hii," akasema. "Ile ya baba yenu ilikuwa nang'aa. Mnanidanganya, watoto yangu?"

Akageukia ukutani.

Nikakimbilia jikoni, nikatia tone la mafuta ya simsim kiganjani, nikalipaka tufaha huku nalia, nikalifuta kwa mtandio wangu mpaka likang'aa tena.

Niliporudi, Siraji alikuwa ameketi kitandani, ameshika mkono wa Mama.

"Mama, tazama," nikasema. "Ndiyo hii ya baba."

"Asiya, acha," kaka akasema. "Mama amekwenda."

Nilizunguka kitanda, nikaliweka tufaha kwenye mto, upande wa ukutani alikokuwa ameelekea. Macho yake yalikuwa wazi bado. Siraji akanyoosha mkono ayafumbe.

"Ngoja," nikamwambia. "Ngoja aone."